Nimempikia mke wangu kuku wa tambi kwenye jungu la umeme, firigisi ikaniumbua

Wakuu, kabla ya neno lolote nimrudishie Mungu sifa zake. Yeye ndiye aliyeiamsha nyumba yangu leo, na ndiye aliyemrudishia mke wangu hamu ya kula. Mengine yote nitakayoandika yako chini ya hilo.

Vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba. Wazee wenzangu, nawasalimu kwa Kisukuma, mwadila.

Haya yamenitokea mwenyewe, wiki hii hii, hapa kijijini Samuye. Nimeyaandika kama yalivyokuwa, hata yale ya kufanya watu wanicheke.

Mimi ni katekista mstaafu. Nimefundisha watoto komunyo ya kwanza, baadaye nikafundisha watoto wa wale watoto. Nina mke mmoja, Mama Kulwa. Tumeishi miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo sijawahi kupika kitu zaidi ya maji ya kuoga. Sijisifu kwa hilo, nasema ilivyokuwa.

Mwezi uliopita Mama Kulwa alilazwa. Malaria ilimkuta na vidonda vya tumbo, vikasaidiana kumwangusha. Akatibiwa, akaruhusiwa, tukarudi nyumbani. Ugonjwa uliondoka, lakini hamu ya kula nayo ikaondoka pamoja nao.

Majirani walijitahidi, Mungu awabariki. Walileta ugali wa mtama, uji wa ulezi, michembe ya viazi vikavu iliyochanganywa na karanga. Yeye anaonja vijiko viwili, anashukuru, "Wabeja, nimeshiba," kisha anageukia ukutani. Wakuu, mwanamke wa Kisukuma akikataa hata maziwa mgando, jueni kuna jambo. Kitenge kilikuwa kinamzunguka mara mbili.

Tulipokwenda kupima uzito, nesi wa kliniki hakutuficha. "Babu, Jumatatu mkirudi nikikuta uzito umeshuka tena, tunamlaza."

Tulipofika nyumbani Mama Kulwa akakaa kitandani, akasema, "Baba Kulwa, wodini sirudi. Kama ni kufa, nitafia hapa hapa."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Nimesindikiza wagonjwa wengi kwa sala, najua sauti ya mtu anayetania na ya mtu aliyeamua.

Sasa, binti yetu mkubwa, Kulwa, yuko Bugarama. Anapika kwenye kantini ya wafanyakazi wa mgodini. Ijumaa akaja kumwona mama yake, kabeba mzigo kwenye boksi. Kuufungua ni jungu zito la udongo, limekaa ndani ya ganda la bati, lina waya wa umeme na mfuniko wa kioo. Alipewa na fundi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba akawa anagawa vyombo vyake. Wenyewe wanaliita slow cooker. Mimi naliita jungu la umeme.

"Baba, hili halina haraka," Kulwa akasema. "Unaweka kuku asubuhi, mnakula jioni. Kule kambini wageni wakiumwa wanaomba hicho tu, kuku na tambi kwenye supu nzito. Kinateleza chenyewe."

Kutoka chumbani ikaja sauti. "Tambi ni chakula cha watoto wa chekechea."

"Na wewe mama unakula kama mtoto wa chekechea," Kulwa akajibu. "Tena wao wanamaliza sahani."

Kulwa alitakiwa kurudi kazini Jumamosi alfajiri. Alitaka kumwachia jirani kazi ya kupika. Nikasema nitapika mwenyewe.

Akanitazama kama nimemwambia naenda kushuka shimoni kuchimba dhahabu.

Akaniachia masharti mawili. La kwanza, tambi ziingie mwishoni kabisa, zikikaa muda mrefu zinakuwa uji. La pili akalirudia mara tatu: "Baba, usifunue. Ukifunua mara moja tu, joto lote linatoka, umejirudisha nyuma nusu saa."

Nikamwambia mtu aliyengoja ahadi za Mungu miaka sabini hawezi kushindwa kungoja kuku.

Jumamosi, baada ya sala ya asubuhi, nikakamata jogoo. Kuchinja najua, wanaume wote tunajua. Kunyonyoa ndiyo ilinitoa jasho. Nimekaa nyuma ya nyumba na beseni la maji ya moto, manyoya hadi kwenye nyusi, jirani yangu Masunga akatokea. Tumekua pamoja yeye na mimi, kwa hiyo mdomo wake hauna breki.

"Ngosha!" akaniita, yaani mwanamume. "Katekista mzima unanyonyoa kuku? Nimwite nani aje ashuhudie?"

"Mwite mkeo," nikasema. "Aje aone mfano."

Akacheka, lakini hakwenda kumwita.

Nikakata vipande kwa kukisia. Vitunguu viwili, karoti, saumu, kipande cha tangawizi, chumvi, maji hadi kuku akafunikwa. Matumbo nikatupa, maini nikabakiza, firigisi nikaidumbukiza kwa heshima zote, maana hiyo ni yangu. Mnajua wenyewe, kwetu firigisi ni ya baba. Tangu nioe imekuwa ikija kwenye sahani yangu bila kuulizwa.

Saa tatu asubuhi nikachomeka waya. Jiko letu liko nje, ni la kuni, halina soketi. Soketi iko sebuleni karibu na redio. Kwa hiyo jungu likakaa sebuleni juu ya stuli, hatua chache kutoka mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nyumba yenye mgonjwa hapa kwetu haikosi wageni, na wageni wanakaa sebuleni.

Wa kwanza alikuwa Mama Zuwena, jirani wa upande wa kisima. Akasalimia, akampa pole mgonjwa, akakaa. Macho yakaenda kwenye jungu. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke, ndani hapaonekani.

"Baba Kulwa, hiki nini?"

Kabla sijamaliza kumweleza, mfuniko uko mkononi mwake. "Kumbe ni kuku," akasema, akafunika.

Nusu saa imekwenda.

Wakaingia akina mama wawili wa jumuiya. Mfuniko ukafunuliwa, wakanusa, wakaulizana kwa nini halichemki kwa nguvu, wakafunika. Masunga naye akarudi, eti kutoa pole. Akafunua, akachungulia, akasema, "Huyu jogoo bado anawika humu."

Wakuu, ningefanyaje? Mgeni aliyekuja kuona mgonjwa humwambii ondoa mkono wako. Nikajaribu kuweka kitambaa juu. Kitambaa kikawa kama kimewaita, kila anayeingia anauliza kumefichwa nini.

Basi Mungu akanipa akili. Nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, mgonjwa anahitaji hewa. Twendeni uani tumwombee."

Jumamosi ni matendo ya furaha. Nikaongoza rozari yote, matendo matano, bila kuruka hata nusu. Nilipomaliza nikaona Masunga anautazama mlango wa sebule, nikaunganisha na litania. Mama Zuwena ni Mwislamu, alikaa kwa adabu, kila tukifika mwisho naye anasema amina. Kwenye litania akamnong'oneza mwenzake, nikasikia, "Leo kuna dhambi gani kubwa hivi?"

Mungu anajua sala ilikuwa ya kweli. Mgonjwa niliyemwombea ni wangu. Lakini Mungu pia anajua kwamba sikio langu moja lilikuwa sebuleni.

Wageni walipoondoka nikarudi ndani. Na hapo, wakuu, ndipo uzi wenyewe ulipo.

Mama Kulwa akaita kutoka kitandani. "Baba Kulwa."

"Naam."

"Firigisi umeichuna?"

Nikasimama. "Kuichuna vipi?"

Akauliza tena, polepole.

"Baba Kulwa. Firigisi umeipasua, ukatoa uchafu, ukachuna ile ngozi ya ndani ya njano?"

Nikamwambia ukweli, maana kudanganya siwezi. "Nimeiosha."

Nikasikia kitanda kinalia. Nikadhani anakohoa, nikaingia mbio. Alikuwa anacheka. Mwanamke ambaye kwa wiki tatu hata tabasamu halikumjia alikuwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti.

"Miaka arobaini unaila," akasema alipopata pumzi. "Ulifikiri kuku anazaliwa na firigisi imeshasafishwa?"

Nikajibu kwamba sijawahi kulifikiria.

"Itoe haraka kabla haijapasukia humo. Lete kisu. Lete kigoda."

Akashuka kitandani. Mwenyewe, akishika ukuta. Akaja sebuleni akakaa kwenye kigoda mbele ya jungu. Nikavunja sharti la Kulwa kwa mkono wangu mwenyewe, nikafunua, nikaiopoa firigisi kwa upawa. Namshukuru Mungu, ilikuwa bado nzima.

Akaipasua mara moja. Ndani mmejaa changarawe na punje za mtama. Akaimenya ile ngozi ya njano kwa kucha kama anavua soksi. Miaka yote hiyo kazi hii ilifanyika nyuma ya nyumba yangu, mimi nikiwa nimekaa mbele nangoja sahani.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akazimwaga zile changarawe kiganjani, akazisogeza kwenye mwanga wa mlango, akawa anazigeuza moja moja kwa kidole.

"Unatafuta nini?"

"Mimi ni wa Maganzo, kwenye machimbo," akasema. "Mama yangu hakutupa mchanga wa firigisi hata siku moja bila kuangalia kama kuku kameza almasi. Kila kuku ninayemchinja huwa naangalia."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na umewahi kupata?"

"Ningepata ningekuwa bado nakuchunia firigisi?"

Nikaangua kicheko hadi nikakaa chini. Nimeishi na mtu huyu tangu ujana wetu, kumbe kila sikukuu alikuwa nyuma ya nyumba anatafuta almasi, nami sijui.

Hakurudi kitandani. Alibaki pale kwenye kigoda, ananilinda nisiharibu kitu kingine. Wageni wawili waliokuja mchana na kupeleka mikono kwenye mfuniko, aliwazuia kwa sauti moja tu: "Acha." Mgonjwa ana ruhusa ambayo mwenye nyumba hana.

Harufu ikaanza kubadilika kwenye saa tisa. Saumu na tangawizi viliingia hadi kwenye mapazia. Mara ya kwanza akauliza, "Bado?" Mara ya pili akauliza tena, "Bado?" Sikumjibu kwa maneno mengi, niliogopa kulishtua hilo jambo jema. Alikuwa anauliza chakula.

Saa kumi na moja na nusu jogoo alikuwa anaachia mifupa mwenyewe. Nikavunja tambi pakiti moja, nikazizamisha, nikafunika, nikangoja dakika ishirini nikiangalia saa ya ukutani kama mwamuzi wa mpira. Mara mbili taa ilififia, mara mbili nikataja jina la Bwana. Umeme haukukatika.

Jua lilikuwa linazama nilipopakua. Supu ilikuwa nzito, tambi zimenywa utamu wote wa kuku. Nikajaza bakuli lake, nikaiweka firigisi juu kabisa.

Akaitazama. "Hii ni ya baba."

"Leo baba ni mpishi," nikasema. "Mpishi anakula kinachobaki. Si ndivyo ulivyokuwa unafanya?"

Aliishika firigisi kwa vidole, akaikata kwa meno, akatafuna taratibu sana. Mimi nimeshika kijiko hewani, sipumui.

Akameza. Akaikata tena.

"Kumbe ndiyo maana wanaume mmeikalia muda wote huu," akasema.

Wakuu, alimaliza bakuli. Akasogeza bakuli kwangu, nikadhani nikaoshe. Alitaka tena. La pili hakulimaliza, lakini alifika chini ya nusu, kisha akasema, "Wabeja, nimeshiba." Safari hii hakugeukia ukutani. Alinitazama akauliza, "Kesho utapika nini?"

Nilitoka nje nikajifanya naangalia banda la kuku. Wazee wenzangu mnaelewa nilikwenda kufanya nini.

Jumapili tulimalizia kilichobaki. Jumatatu tukaenda kliniki. Nesi akampandisha kwenye mzani, akamshusha, akampandisha tena.

"Bibi, umekula mawe?"

"Hapana," Mama Kulwa akasema. "Mawe niliyatoa."

Nesi hakuelewa, sisi wawili tulielewa. Uzito umepanda kidogo. Hatukulazwa. Tumepewa dawa na tarehe ya kurudi.

Nilichojifunza si cha mapishi tu. Maisha yangu yote nimeshukuru kabla ya kula, na nimefundisha mamia ya watoto kushukuru kabla ya kula. Nilikuwa namshukuru Mungu aliyetoa kuku, nikamruka mtu aliyeichuna firigisi. Sasa hivi sala yangu ya chakula ina mstari mmoja wa ziada, na Mama Kulwa anauitikia kwa sauti kubwa kuliko mingine.

Nakaribisha michango. Wenye uzoefu wa jungu hili, nielekezeni jogoo wa kienyeji achukue muda gani kama hakuna anayefunua mfuniko, maana mimi sina hakika. Na wenye wagonjwa waliokataa kula, andikeni hapa ni nini kiliwarudisha mezani, huenda kikamsaidia mwingine.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu ailinde mikono inayokupikia. Akupe hamu ya kula ukiwa mzima, mtu wa kukungoja ukiwa mgonjwa, na kicheko nyumbani mwako kabla jua halijazama. Amina.