Kumvusha Musyoka Bwawa la Masinga

Niliondoka Mlolongo Alhamisi saa moja asubuhi, kwa sababu rafiki yangu Musyoka alikuwa amekufa na hakuwa na njia ya kufika nyumbani. Jiwe lilimwangukia machimboni Lukenya. Tulisoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, pamoja miaka mitatu, dawati moja, yeye akinisaidia hesabu na mimi nikimsaidia kucheka. Siku ya vyeti tulitembea Mlolongo nzima kama mawaziri wapya. Kwao ni ng'ambo ya bwawa la Masinga. Mvua ilikuwa imebeba daraja, na boti iliyobaki ni ya kaka yake, Mutua, ambayo injini yake ilikuwa inaingiza maji kwenye gia. Jeneza lingefika ufuoni Ijumaa.

"Hiyo injini niachieni," nikawaambia waombolezaji. "Gia boksi za malori zinaniamkia."

Saa tano nilikuwa Matuu, juu ya lori la kokoto lililokwenda polepole hadi jongoo watatu wakatupita, mmoja wao akichechemea. Kutoka hapo nilibebwa kwa baisikeli kuelekea Ndithini, ingawa kwa lile tope ni mimi niliyeibeba zaidi. Mvua haikukoma. Mahindi yalikuwa yamelala shambani yakioza, na watu waliosimama milangoni hawakupunga mkono.

Saa nane, ufuoni. Mutua alikuwa amekaa juu ya boti iliyopinduliwa, koti la ndugu yake mabegani.

"Ni wewe fundi wa Mlolongo?"

"Ni mimi. Pole sana."

"Ati mlisoma pamoja?"

"Dawati moja."

"Basi usinifanyie kazi ya gumbaru." Alitaka kucheka, akashindwa. "Sikiza. Kesho asubuhi wazee wanachimba. Hapa kwetu kaburi likichimbwa halilali wazi. Jua likizama kama mwenyewe hajaingia, wanaweka mgomba ndani, wanafunika. Sasa wewe fikiria mama yangu akiangalia mgomba ukizikwa mahali pa mtoto wake."

Nikakunja mikono ya shati. Chini kabisa ya injini ya boti, sehemu inayokaa majini, kuna gia boksi ndogo kama kibuyu, ndiyo inayozungusha propela. Nilipofungua skurubu yake, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nikatoa propela. Uzi wa nyavu ulikuwa umejizungusha kwenye shafti ukakata sili, zile pete mbili za mpira zinazoibana. Mutua alikuwa amenunua mpya. Nikazifunga zote mbili, midomo yake, ule ukingo mwembamba unaobana shafti, ikitazama ndani, kama nilivyofunga maelfu kwenye malori.

"Za zamani," Mutua akasema, "niliona kama moja ilikuwa inaangalia nje."

"Hiyo aliweka mlevi."

Nikajaza upepo kwa pampu ya baisikeli na kuitumbukiza gia boksi kwenye karai la maji. Hakuna povu hata moja. "Umeona?" nikasema. "Hapa hata pepo mbaya hapenyi." Tukatia oili mpya, tukazunguka majini nusu saa, ikaimba. Tukaiacha ikipoa palepale majini.

Ijumaa, saa saba mchana, jeneza lilifika. Tuliliweka katikati ya boti, sisi wanaume sita tukakaa kandokando. Maji yalikuwa rangi ya udongo. Katikati ya bwawa nikasikia sauti ya kusaga, kama mtu anayetafuna changarawe. Halafu injini ikanguruma na propela ikasimama. Tuliinua injini, nikainama, nikalegeza skurubu. Yalitoka maji kwanza, mengi tu. Oili ikafuata.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sili moja ni ya kuzuia oili isitoke, nyingine ni ya kuzuia maji yasiingie. Upepo wa pampu ulisukuma kutoka ndani, ndiyo maana sikuona povu; lakini gia boksi ilipopoa usiku ilivuta maji, na hapakuwa na mdomo uliotazama nje wa kuyazuia.

"Ni nini, fundi?"

"Ile ya kuangalia nje," nikasema. "Ilikuwa na kazi yake."

Mutua aliokota ubao. "Mlevi ni nani sasa?"

Tulipiga makasia kwa mbao mbili na lile karai, upepo ukiturudisha. Jua lilizama tukiwa bado tunauona ufuo kwa mbali. Tulipopandisha jeneza hadi bomani, tuta la udongo lilikuwa limeshasimama, na majembe yameoshwa. Baba yake alisema jambo moja tu: "Tulingoja mpaka mtu hangeona mkono wake."

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mgongo ameugeuzia lile tuta. Nikapiga magoti nikamweleza kosa langu lote, bila kuongeza chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwana wakwa, mwanangu," akasema, "umekula?"



Jumamosi asubuhi wazee walipima kaburi la pili kando ya lile la mgomba. Nikachukua jembe kabla ya mtu yeyote. Futi mbili chini tulikuta mwamba, wazee wakataka kunipokea jembe, nikakataa mpaka Mutua akaninyang'anya mpini. Tulimzika Musyoka saa sita, mvua ikinyesha juu ya matuta mawili.

Jumapili nilirudi. Safari hii nimejifunza kwamba kazi ya lori imenizoesha kuogopa kinachotoka, na sikuwahi kujiuliza ni nini kinataka kuingia. Na mtu mwenye boti akisema ameona kitu, mwulize ameona nini, hata kama wewe ndiwe mwenye spana.

Mlolongo, saa kumi jioni, wenzetu walikuwa wakinisubiri gereji.

"Haya, mwenye maneno! Mlimzika vizuri?"

Walikuwa tayari kucheka, wakidhani nitawaambia boti iliruka. Nikawaambia tulichelewa, na ni mimi niliyechelewesha.