Abee ya Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa kaakaa limepasuka. Nikimnyonyesha, maziwa yanamtokea puani, na mama mkwe ananitazama kana kwamba nimeyaelekeza huko kwa makusudi. Tulitoka Kitangari tukampeleka hospitali, Masasi. Alishonwa, akapona, akabaki na sauti ya puani na moyo usiodunda sawasawa.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia vijijini na malori yao, yeye akiwa darasa la pili, daktari mmoja alinikalisha chini. Alisema kilichopasua kaakaa ndicho kilichougusa moyo: kasoro katika vinasaba, alizaliwa nayo, si mkosi wala mkono wa mtu. Hapo nikashusha pumzi. Kisha akaongeza kuwa kasoro hiyohiyo inaugusa na ubongo, nao unakua kwa namna yake.

"Akivunja ungo, mama, umwangalie sana. Baadhi ya watoto hawa huanza kusikia sauti zisizokuwepo."

Baadhi! Neno hilo lilininyima raha miaka yote iliyofuata. Baba yake alisema madaktari wanapenda kutisha watu. Mimi niliogopa, basi. Kila alipocheka peke yake nilisimama mlangoni, nisikilize anacheka nini.

Akavunja ungo, akachezwa unyago. Alitoka na kanga mpya na adabu tele: ukimwita, anaitika "Abee", anakuja mpaka ulipo, anapiga goti. Kwetu mtoto wa kike hajibu kwa mbali. Baada ya wiki chache akawa anaitika hata kabla hajaitwa. Yuko kinuni anatwanga, mara anaacha mchi, "Abee!", anakimbilia nyuma ya nyumba.

"Huyu kafundwa, akafundika," jirani alisema.

Mama mkwe akawasifia makungwi kijiji kizima. Mimi sikuthubutu kusema, maana niliona nikilitamka neno la daktari ndipo litakapokuwa kweli.

Asubuhi moja tulikuwa tunashuka mteremko kwenda kuchota maji bondeni. Njia ni nyembamba, na upande mmoja ni genge tupu, poromoko hadi bondeni. Yeye alitangulia, mimi nyuma yake, hatusemezani. Ghafla akasimama.

"Abee, mama!"

Akatua ndoo, akaiacha njia, akaelekea ukingoni kwa haraka, kama mtoto mtiifu anavyokwenda.

Nilitupa ndoo yangu. Nilimdaka kanga, kisha mkono, nikamvuta mpaka tukaanguka wote wawili njiani. Alinitazama kwa mshangao, akageuka kutazama kule chini, akanitazama tena.

"Mama, upo hapa? Mbona unaniita kule?"

Nilimshika mabega, nikasema kwa ukali, ingawa hasira sikuwa nayo hata chembe, "Kuanzia leo ukisikia nakuita, usiitike. Usije. Kaa hapohapo ulipo mpaka nije nikushike mkono."

Akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri polepole, midomo ikimcheza.

"Lakini sauti ni yako, mama. Na ukiwa umepatwa na shida kweli, unaniita, nisije?"

Nikamwambia asije.