Tupokigwe, Sauti ya Ilka

Nilihamia Tukuyu mwaka 2009, nikiwa msichana, mwalimu mpya wa Kiingereza, nikapanga chumba nyuma ya soko. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha mwanamke aitwaye Tupokigwe. Alikuwa na miaka kama ishirini na saba, mrefu, mkimya, na kila asubuhi kabla sijanawa uso alikuwa ameshakaanga ndoo nzima ya maandazi. Alikuwa mtu wa kijiji cha Nkunga. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumchimba. Mvua ndiyo iliyotufanya tuzoeane: bati langu lilivuja, lake halikuvuja, basi nikawa nasahihishia madaftari ya wanafunzi kitandani kwake.

Maandazi yake aliyauza mlangoni mwa banda la video la Faraji. Faraji alikuwa kijana wa mjini pale pale, ingawa babu yake alikuja kutoka Pangani na cherehani kichwani. Hakuonyesha sinema tu, alizitafsiri. Alikaa nyuma ya watu na kipaza sauti, akapunguza sauti ya sinema, kisha akasema yeye kwa niaba ya wote: polisi, jambazi, hata mbwa. Ilipofika zamu ya mwanamke alibana pua, na banda zima likacheka.

Siku moja alirudi kutoka Mbeya na boksi la sinema za zamani ambazo mwenye duka alitaka kuzitupa. Zilikuwa za Kiitaliano, za miaka ya sitini na sabini, zimejaa makasri, mishumaa, wachawi na damu nyekundu kama rangi ya mlango. Katika karibu zote alikuwemo mwanamke mmoja, Ilka Morvai. Alikuwa na macho makubwa yaliyokaa mbali mbali, na nywele nyeusi hadi kiunoni. Katika kila sinema Ilka alikufa. Alizikwa hai, akachomwa moto, akanyonywa damu na mume wake mwenyewe. Faraji hakujua neno la Kiitaliano. Alibuni.

Jumamosi moja nilikuwepo. Ilka alikuwa amelala juu ya ngazi za kasri, kisu tumboni, kichwa chake mapajani mwa mwanamume, midomo ikisema kitu polepole. Faraji akabana pua: "Mume wangu, usisahau kuzima jiko!" Watu wakaangua kicheko. Mara nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Mwache afe kwa heshima yake."

Alikuwa Tupokigwe, sinia la maandazi mkononi. Watu wote waligeuka. Faraji hakukasirika. Alirudisha sinema nyuma kidogo, akanyoosha kipaza sauti.

"Haya dada, mfie wewe."

Nilidhani atakimbia. Aliweka sinia chini, akakaa, akatazama ile midomo mpaka ilipoanza kusogea. Akasema, kwa sauti ya chini, nzito, ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mwingine: "Usilale, tata. Usilale. Tumekaribia. Naona mabati ya Tukuyu. Ukilala nitambeba nani?"

Tata, kwa Kinyakyusa, ni baba. Hakuna aliyeuliza kwa nini mke anamwita mumewe hivyo, wala kwa nini anayekufa ndiye anayembembeleza mzima asilale. Dereva mmoja wa malori, mtu wa miraba minne, alitoka nje na hakurudi.

Tangu siku hiyo Ilka alikuwa wake. Jioni alioga, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kukaa kando ya Faraji. Alikuwa na Kiswahili cha Nkunga, "rudi" kwake ilikuwa "ludi", na Faraji alipojaribu kumrekebisha watu walipiga kelele aachwe. Faraji akaanza kurekodi, ile ya ngazi ikiwa ya kwanza. Sahani zao za video zilisafiri Kyela, Mbeya, Chunya, juu zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ILKA WA TUKUYU. Sokoni akina mama walimsimamisha kumuuliza kama kweli Ilka atakufa tena wiki hii. "Atakufa," alijibu, "lakini atasema kwanza."

Aliujua uso wa Ilka kuliko mimi nilivyojua uso wa mama yangu. "Hapa amechoka kweli, haigizi," aliniambia mara moja. "Ona anavyoshika ukuta." Na alikuwa anampenda Faraji. Halikuwa jambo la kuficha. Faraji naye alimletea sabuni nzuri, akamwekea kiti chenye mto, akasema mvua za mwaka ule zikipungua atakwenda Nkunga kuwaona wazee, na tofauti za dini watazimaliza wenyewe. Mvua zikapungua, zikaanza tena. Mambo yalikuwa mazuri, hakuna aliyeona haraka.

Mwaka 2014 shingo yake ilianza kuvimba. Huku kwetu milimani rovu si jambo la ajabu, watu huishi nalo, na yeye alilifunika kwa kitambaa. Lakini lilikua ndani kuliko nje. Mwaka uliofuata alikuwa anakoroma akiwa macho, na akipanda ngazi tatu anasimama. Nilimpeleka mimi hospitali mkoani. Daktari hakuficha kitu. Alisema uvimbe umeuzunguka mshipa wa sauti, atajaribu kuuokoa, lakini kama ni kuchagua, atachagua pumzi. Tupokigwe alinitazama.

"Mwalimu, ungekuwa wewe?"

"Ningechagua kupumua," nilisema. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi.

Alipozinduka aliniita, nikaona midomo tu. Baada ya wiki mbili mnong'ono ukarudi, kama mtu anayekwangua sufuria kwa mbali. Daktari alisema tusubiri miezi sita. Tulisubiri mwaka.

Faraji alikuja kila siku mwanzoni, na ndizi mbivu, na habari za banda. Kisha akamrudisha kwenye kipaza sauti kujaribu. Aliongeza sauti mpaka spika zikaanza kuvuma. Watu walimvumilia dakika kumi. Halafu mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema, "Faraji, spika imekufa!" na vijana wa benchi la mbele, ambao hawakumjua, wakacheka. Alitoa kipaza sauti mdomoni, akakifuta kwa kanga, akakiweka mezani taratibu.

Juma lililofuata Faraji alikuja na kusimama mlangoni. Nilikuwa ndani, nikataka kutoka, Tupokigwe akanishika mkono.

"Nimemwomba Siham, mtoto wa shangazi, ajaribu," alisema Faraji. "Ni kwa muda tu. Tupo, watu wanataka sauti."

Tupokigwe alinong'ona jambo. Faraji hakusikia, akaniangalia mimi. Ikanibidi nirudie kwa sauti yangu, maneno ambayo hayakuwa yangu: "Anauliza, na wewe?"

Faraji alitazama viatu vyake. Nikamwombea moyoni aseme chochote, hata uongo. Akasema, "Nitapita kesho." Hakupita. Siham hakuweza kumuigiza Ilka, watu wakarudia sinema za ngumi. Baadaye simu zikafika kila mfukoni na banda likafungwa. Faraji alihamia Mbeya, akaoa huko. Tupokigwe alikaa siku nne bila kuwasha jiko. Siku ya tano nilisikia mafuta yakichemka.

Miaka ikaenda. Mimi nilijenga nyumba Lufingo, nikamwomba ahamie chumba cha uani, akakubali. Aliacha maandazi, akawa anauza parachichi sokoni, ambako hakuhitaji kuita wateja. Aliyapanga vizuri mno.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Faraji alinipigia simu. Sikuwa nimemsikia kwa miaka minane.

"Mwalimu Prisca, bado uko na Tupo?"

Alinieleza kuna Mzungu anamtafuta. Mtu fulani aliwahi kuweka kipande cha sahani yao mtandaoni, kile cha ngazi za kasri, na kikafika Italia. Alinipa namba. Mwishoni akasema, "Msalimie." Nilimsalimia. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya.

Yule Mzungu alikuja Agosti. Aliitwa Klara, mama wa miaka hamsini na kitu, na macho yake yalikaa mbali mbali. Tupokigwe alipomwona anashuka kwenye gari alishika nguzo ya mlango. Klara alikuwa binti wa Ilka.

Tuliketi sebuleni kwangu, mimi katikati, nikitafsiri huku na huku. Klara alisimulia maisha ya mama yake. Ilka alizaliwa kijijini huko Hungaria, akakimbilia Italia akiwa na miaka kumi na tisa, akafua nguo hotelini mpaka mtu wa sinema alipomwona. Alicheza sinema thelathini na moja kwa miaka kumi na mbili. Magazeti yalizicheka. Alipofika miaka thelathini na tano wakamwambia amezeeka, akafungua duka la vifungo na nyuzi. Alipokuwa bibi wakatokea watu, wachache lakini wendawazimu kwa mapenzi, waliozijua sinema zake zote kwa moyo. Walimwalika kwenye kumbi, wakampigia makofi wakiwa wamevaa majoho meusi. Alikwenda mara moja, akarudi nyumbani akilia.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Kwa sababu walimwiga sauti," alisema Klara. "Na ile si sauti yake. Katika sinema zote thelathini na moja hakuna neno hata moja la mama yangu. Lafudhi yake haikuwapendeza, walimwajiri mwanamke mwingine aseme badala yake."

Nilipotafsiri hilo Tupokigwe aliinua kichwa.

Klara aliendelea. Mmoja wa wale wapenzi wa sinema alimtumia Ilka kipande cha Tukuyu. Ilka alikuwa anaumwa tayari, kitandani. Alikitazama mara moja, akaomba tena, kisha ikawa kila siku baada ya chai. Alisema, huyu hanichezei. Akamwagiza bintiye atafute mwanamke huyo anasema nini. Klara alijaribu mashine ya kutafsiri, ikaleta upuuzi. Alitafuta mwaka mzima hadi akampata Faraji. Alikata tiketi. Wiki tatu kabla ya safari mama yake akafariki.

"Nikaja tu," alisema. "Sikujua nifanye nini kingine."

 Tupokigwe akanisogelea, akaanza kuninong'oneza, nami nikajua kwa mara ya kwanza jambo ambalo miaka kumi na tano ya kuishi ukuta kwa ukuta haikunionyesha. Alikuwa na mtoto. Ambilikile, mwaka mmoja na miezi minane. Baba wa mtoto alikwenda kuchimba dhahabu Chunya na hakurudi. Mwezi wa nne wa mwaka 2008 mtoto alishikwa na kichomi, barabara ya Nkunga imekatika kwa mvua, gari hakuna. Alimfunga mgongoni akatembea toka alfajiri. Njia nzima alimsemesha. Wanyakyusa mtoto wa kiume humwita tata, kama baba. Alipoyaona mabati ya mji alimwambia tumekaribia, na mtoto alikuwa mzito kuliko walipovuka mto, naye akaendelea kumsemesha mpaka mlango wa hospitali, kwa sababu akinyamaza ingekuwa kweli.

Nikatafsiri. Klara alisikiliza, mikono magotini.

Nilipomaliza alifunika uso. Baadaye akasema kuna jambo anaona haya kulisema. Siku ile ya kupiga sinema ya ngazi, mwongozaji alimwambia Ilka aseme chochote, sauti itabadilishwa. "Alikuwa anahesabu. Kwa Kihungaria. Moja, mbili, tatu. Ndivyo walivyofanya wote."

Niliogopa kumwambia Tupokigwe. Nikamwambia. Akaninong'oneza:

"Alihesabu mpaka ngapi?"

"Arobaini na moja," alijibu Klara. "Kisha mwongozaji akasema inatosha."

Klara aliomba amrekodi. Tupokigwe aliishika simu karibu na mdomo kama alivyokishika kipaza sauti zamani, akasema yale maneno yote, kwa ule mkwaruzo wake. Klara alisema atayacheza kaburini kwa mama yake. Walikumbatiana mlangoni, hawana lugha ya pamoja, nami sikuhitajika.

Jumapili yake Tupokigwe aliniomba nimsindikize Nkunga. Hakuwa amekanyaga huko tangu mwaka ule. Mji wa wakwe zake sasa ulikuwa wa shemeji yake, Hezron, mzee mpole aliyetupokea kwa heshima. "Ugonile, mama Ambilikile," alimsalimu kwa Kinyakyusa, jina ambalo sikuwahi kumsikia mtu akimwita.

Alitupeleka nyuma ya nyumba. Palipokuwa na migomba ya zamani palikuwa pamelimwa, pamepandwa miparachichi kwa mistari, mirefu kama mtu.

"Kaburi lilikuwa hapa," alisema Hezron. Akatembea hatua kadhaa. "Au hapa. Mawe tuliyaondoa tulipopanda, shemeji. Nisamehe. Hatukujua kama utarudi."

Tupokigwe alisimama kwenye mti mmoja, akainama, akagusa udongo. Akaenda mti wa pili. Wa tatu. Alitazama mlima Rungwe, akatazama nyumba, akijaribu kupima kwa macho, kisha akarudi kwenye ule wa kwanza na kutikisa kichwa.

Mvua ilianza. Hezron alituita ndani, mkewe alikuwa amepika ndizi. Mimi niliingia. Yeye aliketi chini katikati ya mistari miwili, kanga kichwani, na kupitia dirishani niliona midomo yake ikisogea. Chakula kikapoa. Hakuna aliyethubutu kumfuata.