Nimenunua flanja ya bei chee kwa gitaa la ngoma, uwanja mzima ukakimbia. Nielezeni: ni nzima au mbovu?

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mnaonipa shikamoo, marahaba. Mnaosema uzi bila picha hausomeki, piteni kushoto, kamera ya simu yangu imepasuka na jambo lenyewe ni la sauti.

Ninayoandika nimeyaona mwenyewe, sikusimuliwa. Niliishia darasa la tatu, lakini karasha zangu Rwamgasa zinasaga mawe mpaka leo na hakuna niliyempigia magoti. Kwa hiyo nikisema sijaelewa, mjue kweli sijaelewa.

Twende sasa.

Nina kikundi changu cha ngoma. Siku hizi tumechanganya na gitaa la umeme, anapiga Masalu. Huyo Masalu ndiye kikundi chenyewe, mimi ni mwenye vyombo tu. Msimu huu tumepigwa na kikundi cha Magembe mara mbili, na Masalu akanitamkia mbele ya wenzake: "Baba Kulwa, tukipigwa tena mimi nahamia kwa Magembe. Siwezi kuzeeka nachekwa."

Mkimtoa Masalu, mimi nabaki na ngoma za kukalia.

Nikaenda Geita mjini kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji akanionyesha kidude cha chuma, kidogo kama sabuni ya kipande, kina vinundu vinne na kitufe cha kukanyaga. Akasema kinaitwa flanja, gitaa likipitia humo sauti inazunguka, inapanda na kushuka. Nikamuuliza kwa nini bei yake chini hivi na vile vingine juu. Akasema "mzee, vyote ni familia moja."

Jibu gani hilo? Nikanunua.

Hapa niseme ukweli wangu. Masikio yangu yameishi kwenye karasha. Sauti nene nazisikia, nyembamba zinanipita. Sioni aibu, masikio hayo ndiyo yaliyojenga nyumba. Ila kupima kitu cha sauti ikawa kazi.

Nyumbani Masalu akapiga, akakanyaga. Nikamuuliza, umekanyaga? Akasema nimekanyaga. Mimi nasikia gitaa lile lile, labda na kaupepo kwa mbali.

Mke wangu akasema ni kama mtu anapiga gitaa ndani ya pipa linaloviringishwa.

Jirani yangu fundi seremala akasema ni kama ndege inapita juu ya bati.

Masalu akasema, "Gitaa langu umeliambukiza mafua."

Watu watatu, majibu matatu. Hakuna aliyesema nzuri, hakuna aliyesema mbaya. Nikaamua tutapimia uwanjani.

Kwa msiojua mashindano yetu: vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wanaanzia katikati. Wakikupenda wanakuja kwako, wakichoka wanahamia kwa mwenzako. Upande wenye watu wengi mwishoni umeshinda. Ndiyo maana watu wanahangaika na dawa za mvuto. Mimi dawa sitaki, nilitaka mashine.

Uwanja ulikuwa Nyarugusu, jirani kabisa na maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Magembe kafika na chatu wake wa kuchezea ngoma shingoni, akaona kidude kimelala miguuni kwa Masalu.

"Baba Kulwa, dawa za betri hizo? Zinachajiwa au zinamezwa?"

Nikamwambia subiri utaona.

Tukaanza. Mambo sawa kwa sawa. Nikampa Masalu ishara, akakanyaga. Wakuu, watu wakaanza kuja! Nawaona kwa macho, miguu inageuka kwetu. Nikasema leo ndiyo leo.

Ghafla mchimbaji mmoja, matope mpaka magotini, akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Akapiga kelele:

"Blowa inakata!"

Blowa ni mashine inayosukuma hewa chini kwenye duara. Ikiishiwa mafuta inaanza kupanda na kushuka, vuuuu, vuuuu, halafu inazima. Ikizima, walioko chini hawana hewa. Kila mtu pale anaijua sauti hiyo hata akiwa usingizini.

Uwanja ukaondoka wote. Wangu wakakimbia, wa Magembe wakakimbia, Mama Milembe muuza wali akaacha sufuria jikoni na kandambili njiani. Tukabaki wapiga ngoma, na Magembe na chatu wake, hana wa kumwonyesha.

Masalu hakuelewa, anaendelea kupiga tu. Nikamwambia zima!

Walikuta blowa inafanya kazi vizuri, imejaa mafuta. Wakarudi wamenuna. Mama Milembe akanijia moja kwa moja.

"Shikamoo Baba Kulwa."

"Marahaba."

"Mwanangu yuko chini leo. Ukipiga tena sauti hiyo hapa, kidude chako nitakisaga kwa mguu wangu huu."

Mimi huwa najibu watu. Kwa huyo nilichomoa waya wa kidude.

Wazee wa uwanja wakakaa kuamua. Mmoja akasema sheria ni anayevuta watu, na Baba Kulwa kawavuta wote. Mwingine akasema kawavuta kwenda wapi? Magembe akadakia, "Hata nyoka wangu kaniuma!" Uongo, chatu hakumuuma.

Wakaamua turudie Buseresere, mbali na maduara, na kwanza watu watangaziwe kuwa sauti ile ni gitaa.

Jioni hiyo Masalu alirudi kwa bodaboda, gari letu akaliacha. Nikajua moyo wake umeshahama.

Buseresere tukatangaza kwenye maiki. Masalu akakanyaga. Hakuna aliyekimbia. Lakini pia hakuna aliyekuja! Wamesimama katikati wanacheka, wanaoneshana vidole hewani: "Hiyo inapita! Hiyo inarudi!" Kama wanatazama kitu cha maonyesho. Magembe akaona mwanya, akaongeza ngoma, nikaona miguu inaanza kuelekea kwake.

Nikamwambia Masalu kwa mkono: zungusha, ongeza!

Akaniangalia. Akakanyaga, akazima.

Mizunguko yote ikakatika, gitaa likatoka kavu, lile lile la siku zote. Na watu wakaja, wakuu. Walikuja kama ng'ombe walioona lambo. Magembe alibaki na ndugu zake na chatu.

Tumeshinda. Sasa nielezeni, tumeshinda kwa mashine au kwa kuizima?

Maana gitaa hilo hilo kavu ndilo lililoshindwa na Magembe mara mbili!

Nilimuuliza Masalu tukifunga vyombo. Kwa hiyo kitu hiki kibovu? "Siyo kibovu." Kizuri? "Siyo hivyo Baba Kulwa." Basi nakirudisha dukani. Akakichukua, akakitia ndani ya shati. "Hakiendi popote."

Nikamuuliza, na wewe? Akasema, "Mimi naenda wapi tena?" Akabeba gitaa lake akapanda gari letu.

Kwa wanaotaka kununua: chuma chake kigumu, kimekanyagwa na kipo. Waya wa gitaa unaingia kulia, siyo kushoto, sisi tulihangaika mchana mzima tukidhani kimekufa. Betri ya mraba kinaila haraka sana. Ukikiunga kwenye jenereta kinaunguruma, mngurumo huo hata mimi niliusikia. Kikiwashwa sauti inapungua kidogo, ndivyo anavyosema Masalu. Vinundu vinne sijui kazi yake, mimi nilivizungusha vyote mpaka mwisho, na muuzaji alinikataza.

Nilichojifunza: kabla ya kupeleka sauti mpya mahali, uliza watu wa pale wanaogopa sauti gani. Nyarugusu sitakiwasha tena, mwanamke yule ana haki.

Mengine yote sijaelewa. Wapiga gitaa mlioko humu, hiki kitu kinafanya nini hasa, na kwa nini watu walikuja kilipozimwa? Msinijibu kwa Kiingereza kirefu. Masalu nimeshamuuliza tena asubuhi hii, anacheka tu na anaendelea kukanyaga: anawasha, anazima, anawasha, anazima.