Petronilla na C Yake

Mgahawa alimokuwa akipika Petronilla uko Malaba, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kuingia Uganda. Foleni ikiwa ndefu, chapati huisha mapema. Ikiwa fupi, chapati hulala. Petronilla alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa marehemu Ikapel wa Amagoro, na kila dereva aliyezoea kula pale alijua jambo moja juu yake: msichana huyu wa chapati anataka kuwa muuguzi, tena anataka kusomea chuo cha masista tu, kile cha upande wa Sigalame, ambacho hata watoto wa walimu wakuu hukikosa.

"Daktari," Barasa dereva angemwita akiinua bakuli, "hii supu ni kutwa mara ngapi?"

"Mara mbili, boss. Na ulipe kabla ya kumeza."

Wangecheka, tanboi wa Barasa, msaidizi wake wa lori, akicheka kuliko wote, naye Petronilla angeendelea kusukuma unga. Hakuwa mtu wa kukasirika upesi. Lakini alikuwa mkaidi, ukaidi ule wa polepole, kama wa ng'ombe aliyeamua kulala katikati ya njia.

Shida ilikuwa gredi. Kidato cha nne alipata C, C isiyo na kuongeza wala kutoa. Baiolojia alipita vizuri, Kiswahili na dini vilevile, lakini hesabu alipata D, na D hiyo ikayaburuta masomo mengine yote hadi chini. Tangazo la chuo, ambalo kila mwaka lilibandikwa mlangoni pa kanisa, lilisema wanapokea kuanzia C. Watu walijua namna ya kulisoma: imeandikwa C, lakini wanaoitwa ni wa B. Petronilla aliomba mwaka wa kwanza, kimya. Akaomba wa pili, kimya.

Mama yake, Amongin, alimshauri kwa upole avuke tu hapo ng'ambo, Tororo, kuna vyuo havisumbui mtu.

"Mama, mimi nataka mahali watakaponisumbua," Petronilla akamjibu.

Alikuwa amewaona wanafunzi wa chuo kile wakija kufanya mazoezi kwenye zahanati ya parokia. Hawakumfokea mgonjwa. Hawakumwacha kikongwe kwenye benchi tangu asubuhi huku wakiongea na simu. Aliwatazama jinsi wanavyomwinua mtu kitandani, akasema moyoni, mimi hapa ndipo pangu.

Mwaka wa tatu hakutuma maombi. Alivaa sketi yake ya kanisani, akashuka hadi Busia, akaunganisha hadi Funyula, akapanda boda boda mpaka langoni, ayapeleke kwa mkono wake. Karani wa dirishani alikuwa kijana mpole. Alipoiona ile C alimwambia dada asijisumbue, mwaka huu wenye B wamejaa hata wanaachwa. Petronilla akamwomba amwonyeshe mahali ambapo tangazo limesema B. Karani akacheka kidogo.

"Kama mnataka B, andikeni B, ili mtu wa C alale kwao," Petronilla akasema, wala hakuinua sauti. Ungedhani anaomba maji ya kunywa. "Lakini mmeandika C, na mimi ninayo. Niiteni. Kama ni kunikataa, mnikatae nikiwa nimekaa mbele yenu."

Nyuma ya karani mlango ulikuwa wazi. Akatoka mtawa mrefu, miwani imeshuka puani. Huyo alikuwa Sista Christine, mkuu wa chuo. Alikichukua cheti, akakitazama, akamtazama mwenye cheti.

"Jumanne ijayo, asubuhi," akasema. "Usichelewe."

Habari zilifika Amagoro kabla yake. Jumapili jumuiya ndogo ya kanisa ilisali nyumbani kwa Amongin, na rozari ilipokwisha na chai kumiminwa, Oluka akachukua usukani. Oluka alikuwa mdogo wake marehemu Ikapel, katekista wa miaka mingi, mtu aliyeweza kumliza hata polisi wa kizuizi cha barabarani. Alisema watamuuliza kwa nini alipata C. Basi awaambie baba yake alifariki muhula wa kwanza wa kidato cha nne, kwamba nyumba ilikuwa giza, kwamba akifungua kitabu alikuwa anaona jeneza.

"Na ukiweza kulia, lia," akamalizia. "Sista naye ni binadamu."

Wote wakaona ni shauri zuri. Mmoja akasema aongeze kufukuzwa kwa sababu ya karo. Mwingine akasema aongeze mafuriko, mpaka akakumbushwa kwamba mafuriko ni ya Budalang'i, Amagoro hakuna mto uliomfuata mtu kitandani.

Petronilla alikuwa ameshika kikombe chake bila kunywa. Ni kweli baba yake alifariki muhula ule, na ni kweli alimlilia mpaka sauti ikakauka. Lakini D ya hesabu aliileta nyumbani tangu kidato cha kwanza, na Ikapel mwenyewe aliiona akiwa mzima, akairudisha mezani, akasema, "Hii umeipata kwa mkono wako. Ibebe. Usimtupie mtu."

Ndivyo alivyokuwa Ikapel. Petronilla alipokuwa mdogo wa kuchunga, ng'ombe waliingia katika shamba la mtama la jirani yao, Mama Apio, wakalimaliza. Alipoulizwa alisema ng'ombe hawa ni wasumbufu. "Sawa, ng'ombe walienda," Ikapel akasema. "Na wewe ulikuwa wapi?" Akasema alilala. Baba yake akamshika mkono, akampeleka mpaka kwa Mama Apio, akasimama kando kimya mpaka mtoto akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alilala. Kisha wakarudi, na njiani akamnunulia muwa.

"Baba mdogo," Petronilla akasema, "baba hakunipa hiyo D. Sitamtoa kaburini aje anibebee."

Oluka akamtazama kama mtu aliyetoa zawadi ikarudishwa.

"Mtoto wangu, hicho si kiburi?"

"Labda ni kiburi. Nitaungama. Lakini ule mwingine ungekuwa uongo, na ningeusema mbele ya masista."

Jumatatu jioni Amongin aliipiga pasi sketi ya binti yake mara mbili, na ya pili haikuhitajika.

Jumanne walioketi kwenye benchi la kungojea walikuwa vijana wa B, wamevaa tai, wakiulizana shule walizotoka. Mmoja alipomuuliza Petronilla gredi yake naye akaitaja, msichana wa pembeni alisogeza mkoba wake kidogo, kana kwamba C inaambukiza. Petronilla akaona hivyo, akakaa wima zaidi, rozari mfukoni.

Ndani walikuwa watatu: Sista Christine, daktari mmoja mwenye upara, na mwalimu wa chuo. Sista ndiye aliyeanza.

"Wanaofika hapa na C, kila mmoja huwa na msiba. Nimesikia misiba mpaka masikio yamechoka. Wako ni upi?"

Hapo mlango aliotengenezewa na Oluka ulikuwa wazi kabisa. Kuingia tu.

"Msiba ninao, Sista," Petronilla akasema. "Lakini si wa kuleta hapa."

Sista akavua miwani. "Basi C hii ilitoka wapi?"

"Kwangu. Hesabu ilinishinda kidato cha kwanza, nikaona aibu kuuliza, nikanyamaza miaka yote minne."

Daktari akaegemea mbele. Alimkumbusha kwamba dawa hupimwa kwa hesabu, akamuuliza kama angependa wampe wagonjwa hivyo hivyo.

"Hapana, si leo. Nipeni kwanza wa kunifundisha. Ile aibu ya kuuliza imekwisha, daktari. Muulizeni karani wenu."

Mwalimu akakohoa kuficha kicheko, akamsukumia karatasi yenye hesabu mbili za dawa. Ya kwanza Petronilla aliipiga polepole, akaipata. Ya pili aliizunguka, akafuta, akaizunguka tena. Angeweza kuandika chochote. Akaiweka kalamu chini.

"Hii sijui. Kama kuna mgonjwa, ningemwita anayejua kabla sijamgusa."

Hakuna aliyetabasamu. Sista Christine aliandika kitu, akamwambia aende salama.

Simu ilimpata mgahawani, mikono ina unga mpaka viwikoni, Barasa akamshikia sikioni. Amechukuliwa. Lakini mwisho wa muhula wa kwanza atapimwa hesabu peke yake, na asipopita atarudi nyumbani. Petronilla akasema asante Sista, kisha akageuza chapati iliyokuwa inaanza kuungua. Barasa, ambaye alisikia kila kitu, alimuuliza "daktari" wake kama sasa wao wafe njaa. Jioni hiyo hiyo Petronilla alikwenda kwa Mwalimu Otukei wa shule ya msingi, akamwomba aanze naye kwenye hesabu za sehemu, kama mtoto wa darasa la tano. Otukei akauliza masomo hayo ni ya nani. "Ni yangu," akasema.

Jumuiya ikakutana kutoa shukrani. Oluka alisali kwa sauti yake nzuri, akamshukuru Mungu, akawashukuru masista, kisha akamshukuru marehemu kaka yake Ikapel, ambaye kifo chake kimemfungulia binti yake mlango. Watu wakaitikia Amina. Petronilla hakuitikia. Alingoja ishara ya msalaba ikamilike, akasimama.

"Sikumtaja baba kule."

"Sawa, mama," Oluka akasema akitabasamu. "Hata usipomtaja, walielewa."

"Hawakuelewa, Baba mdogo. Mpaka leo hawajui kama nina baba ama sina. Nimeingia na C yangu."

Oluka akageuka kutafuta wa kumuunga mkono. Aliyejibu alikuwa Mama Apio, mzee sasa, kutoka kwenye kigoda karibu na mlango.

"Huyu alikuja kwangu akiwa hivi," akasema, akionyesha urefu wa mbuzi, "akaniambia alilala. Na mtama wangu wote uko kwa tumbo la ng'ombe wao. Akisema hakumtaja, hakumtaja."

Nyumba nzima ikacheka, Amongin pia, huku akijipangusa macho kwa ncha ya leso. Oluka akaguna. Akawaambia wainamishe vichwa tena, akaanza ile sala upya kutoka juu, na safari hii alipofika kwa kaka yake alimwombea apumzike kwa amani, basi.

Petronilla akasema Amina, na sauti yake ikasikika kuliko za wote.