Maharage yangu yote kwenye chumba kimoja

Ng'ombe wa baba alipotea nikiwa mchungaji mdogo kule Usevya, na kosa lilikuwa langu, nililala. Baba akauliza kaelekea wapi. Nikanyoosha kidole mtoni bila kusita. Alitafuta mtoni siku mbili, kumbe ng'ombe yuko kwa jirani anakula mpunga. Nilichapwa, ndiyo. Lakini sikujifunza kuacha uongo. Nilijifunza kwamba ukinyoosha kidole bila kusita, hata baba yako anakufuata.

Sasa nina mvi na nimerudia lile lile. Jamani, nimekosa.

Shemeji yangu Salehe, mume wa marehemu dada yangu, alikuwa na boti ya mbao Karema, ziwani. Ndiyo shamba lake, hana lingine. Siku moja nilipanda nayo kutoka Ikola. Akaniweka mbele niangalie mawe, kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Hatujaiacha Ikola vizuri, mvua ikaanza. Abiria wakajifunika turubai, Salehe akainama nyuma anahangaika na mashine. Mimi nilikuwa nimeshiba ugali na samaki wa migebuka, nikashusha kofia usoni.

Nilishtuka niko majini nimekumbatia dumu. Wavuvi walituokoa wote, Mungu mkubwa, ila boti ilizama na mashine yake, na hakuna aliyejua hasa ni wapi.

Binti wa Salehe, Zuhura, anafundisha hesabu Mpanda mjini. Alikuja akachora ziwa kwa mkaa kwenye turubai, vyumba vingi kama dirisha la nondo, akampa kila aliyekuwemo botini kikombe cha maharage.

"Weka mengi chumba unachodhani zaidi kuwa boti imo, machache unachodhani kidogo," akasema. "Ila mjomba, kama huna uhakika usiache chumba kitupu."

"Kwa nini?"

"Tukikokota nanga pale kuinasa boti tukakosa, tunapunguza maharage ya pale. Hatuyamalizi, maana nanga inaweza kupita pembeni. Yanayotoka yanagawiwa vyumba vingine, chenye mengi kinapata mengi. Chenye moja kinaweza kukua. Kitupu kitabaki kitupu hata tukitafuta mpaka tuzeeke."

Watu wote wananiangalia, mimi ndiye niliyekaa mbele. Ningesema nini? Nikamwaga kikombe chote chumba kimoja, karibu na jiwe kubwa. "Pale. Nimeona kwa macho haya."

Mama Pendo, muuza dagaa, alikuwa ameshaweka yake kaskazini, kwenye matete. Akayazoa. "Kama mzee kaona, mimi nani?"

"Mama, acha yako hapo," Zuhura akasema. "Kila mtu aseme lake."

"Nimfanye mzee muongo mbele za watu? Mimi nimelelewa, mwalimu."

Wengine wote nao wakahamisha. Chumba changu kikawa kama sufuria ya msibani.

Walikokota nanga pale wiki tano. Kila wakikosa Zuhura alipunguza maharage, hayana pa kwenda, anayarudisha pale pale. "Hesabu ya mjomba haina mlango," akasema. Nikajifanya nakohoa.

Mwisho mvuvi mmoja alinasa ubao wa boti kwenye matete. Pale pale pa Mama Pendo. Mashine ilitoka imejaa mchanga, haifai ila kufungia mbuzi. Fundi akasema ingetoka wiki ya kwanza, angeiponya.

Salehe akaja kwangu Kabungu. Mke wangu akampa chai.

"Shemeji, uliona kweli?"

Kikohozi kikagoma kuja. "Nililala."

"Kuanzia wapi?"

"Ikola."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Nami nikacheka, nikidhani tumepona.

Nyie mnaosoma, hasa wenye mvi: mkiulizwa jambo, semeni "sijui" mapema, kwa sauti. Mtu mzima akisema sijui, wenzake wanabaki na macho yao. Mimi niliwafumba macho watu wazima wote wa boti ile, kwa adabu yao wenyewe. Na nyie mliolelewa kama Mama Pendo, mheshimuni mzee, mpeni kiti, lakini maharage yenu msihamishe.

Salehe hakucheka. Alimaliza chai, akamshukuru mke wangu, akachukua begi lake akashika njia ya barabarani. Nikamwita, "Shemeji, kofia yako!" Hakugeuka. Kofia iko msumarini hadi leo, na kila Zuhura akipiga simu namuuliza baba yake anakuja lini.

"Sijui, mjomba," ananijibu.