Ugali mweupe wa mashine ulivyokaribia kunirudisha kwetu Nkoma

Leo Jumapili, Bariadi. Tangu asubuhi mawingu yamekaa upande wa Itilima, upepo wa vumbi tu, mvua imegoma.

Wakuu, mwadila, nawasalimu. Mimi ni mama mtu mzima, shule niliishia la nne, mnivumilie mwandiko. Haya niliyaona mwenyewe, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina.

Binti yangu amekuja kutoka Mwanza na kopo la unga wa dukani. Daktari kamwambia choo chake ni kigumu kwa sababu hali vyakula vyenye faiba, yaani nyuzinyuzi. Anakoroga kijiko kwenye maji, anakunja uso, anakunywa.

Nimemtazama, nikamkumbuka baba mkwe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetoka Nkoma, nikaletwa kwa mume wangu Maduhu, upande wa Mwamapalala. Kaya yao ilikuwa imehamishwa kutoka mashambani, ikapangwa mstari mmoja na nyumba za watu wengine.

Uhamisho ule wapo wanaousema vibaya na wapo wanaousifu. Kwetu maji yalikuwa mbali kuliko kule walikotoka. Ila shule ilikuwa karibu, na mashine ya kukoboa na kusaga ilikuwa palepale.

Sasa sisi Wasukuma, wanaume hawali ndani. Wanakaa shikome, kwenye moto wa nje, kila nyumba inapeleka sahani yake, wanamega pamoja. Zamani shikome ya kina Maduhu ilikuwa ya ukoo. Pale kijijini ikawa ya majirani ambao hata hawajazoeana. Kila sahani inatazamwa.

Jioni yangu ya kwanza jikoni nilipeleka ugali wa mtama na mlenda, kama kwetu.

Sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Palikuwa na jirani, Mzee Ngasa, mtu wa maneno. Nilimsikia mpaka jikoni: "Masunga, umehama na njaa yako? Huku tunakula mweupe!" Wakacheka.

Masunga ndiye baba mkwe. Kesho yake mayu, mama mkwe wangu, akaniambia mahindi yakakobolewe, yalowekwe, yaanikwe, ndipo yasagwe.

Nikafanya. Ugali ukatoka mweupe kama pamba, shikome ikausifu. Pumba tukawapa kuku. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ikabaki ghalani ikiitwa chakula cha njaa. Kunde na majani yake hivyohivyo. Ikawa ugali mweupe na maziwa, kesho tena ugali mweupe na maziwa.

Baada ya muda baba mkwe akafungwa tumbo.

Hapa nieleze kidogo. Mkamwana hatamki habari za choo cha mkwe wake, ni mwiko mkubwa. Mimi niliambiwa na Maduhu. Mzee anakwenda porini alfajiri, anarudi jua limepanda, jasho linamtoka, hajapata kitu. Baadaye ikaonekana damu. Palizi ya pamba akaiacha, akawa mtu wa kukaa upande mmoja wa kigoda.

Ndipo nikamsikia mayu nyuma ya nyumba, anaongea na dada yake: "Kabla huyu hajashika mwiko, mzee alikuwa mzima."

Simlaumu. Vilivyokuwa vipya mle ndani ni viwili, mimi na sembe. Mimi ndiye niliyeonekana kwanza.

Wakakubaliana aitwe mfumu, mtazamaji, apasue kifaranga asome ndani yake. Kifaranga kikatengwa kabisa, kikafunikwa tenga. Kikinitaja, narudi Nkoma, ng'ombe wa mahari wanarudishwa, na jina la uchawi linanifuata. Nikawa napita pale kwenye tenga nakisikia kinalia.

Nikamwambia Maduhu, "Kwetu tunakula mtama na kunde, sijasikia mzee kufungwa hivi. Mwambie baba nirudie ule ugali wa kwetu."

Akasema, "Sahani irudi tena? Baba aibu itamuua kabla ya tumbo."

Na kweli, sikuwa na uhakika wowote. Nilibahatisha tu.

Kilichoniokoa ni mashine. Dizeli iliisha kijijini, haikuletwa. Mfumu naye alikuwa safarini Mkula, hajarudi. Wanawake wote tukarudi kwenye kinu na jiwe. Wenzangu walitwanga wakapeta pumba yote ili weupe usipotee. Mimi nilisaga mahindi na mtama pamoja, sikupeta, sikuchekecha. Asubuhi nikachemsha michembe kwa karanga. Jioni kunde, au majani yake makavu.

Lakini kwa jiwe weupe ule wa mashine haukutoka; shikome sahani zote zikawa na rangi ya ajabuajabu, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Asubuhi moja baba mkwe alitoka na kurudi upesi, anapiga mluzi. Mayu akasimama na ufagio mkononi anamtazama. Akaenda kwenye tenga, akalifunua, akakiachia kifaranga kikamfuata mama yake.

Lakini nilijua mashine itapona. Jioni iliposikika tena, tuku tuku tuku, nilikaa jikoni sijui nisonge upi. Baba mkwe akapita mlangoni, akamwambia mayu kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mwenye jiko, mahindi yangu yasikobolewe."

Nikasonga uleule. Ngasa hakuchelewa: "Masunga, mashine imepona, kwako bado matanga?"

"Matanga yalikuwa tumboni, Ngasa. Tumeshaanua."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mzee akamega wa kwanza. Ngasa naye akamega, kwa kuonja tu, alisema. Sahani ikarudi tupu.

Wakuu, niseme haki. Siku zilezile mvua zilishuka, maji yakawa karibu, mzee akawa anakunywa zaidi. Siwezi kuapa kwamba ni pumba na kunde peke yake. Na mwenye kuona damu asisubiri dizeli iishe, aende hospitali. Kopo la binti yangu pia silisemi vibaya, daktari kasoma, mimi sikusoma.

Nilichojifunza ni kwamba hiyo faiba tulikuwa nayo ghalani, tukawa tunawamwagia kuku kwa kuogopa kuchekwa. Dona, mtama, michembe, kunde, choroko, majani. Nikikosea, wataalamu mnisahihishe hapa chini, sitakasirika. Na nyie wa kwingine, kwenu kipi kilidharauliwa kuwa chakula cha njaa?

Jioni hii tumekula ugali wa dona na mtama, kunde na mlenda. Binti kaongeza mara mbili. Kopo lake liko dirishani, leo hajalifungua.